Stika Upande Unaong'aa

Mwanangu Tabitha,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko Kilosa kwa mama yangu, umekaa jikoni, unalishwa kama mtu anayepelekwa vitani, na kila ukisema umeshiba unaongezewa. Mimi niko hapa Mikumi kwenye kaunta, katikati ya kompyuta ambayo feni yake inalia kama mashine ya kusaga na lile kopo la flashi za madereva. Nimechukua kalamu kwa sababu ujumbe wangu wa simu huwa unaujibu "sawa mama" kabla hujaumaliza kuusoma. Karatasi haina pa kubonyeza sawa.

Habari za kula, kulala na wanaume wa Dar es Salaam sizigusi. Hizo anazo baba yako, na kesho stendi atakuambia zote, kwa sauti, mbele ya kondakta. Mimi nina jambo moja, nalo liko hapa mbele ya macho yangu. Umeondoka asubuhi ukaiacha juu ya kaunta ile diski nyeusi yenye nyimbo mpya za kwaya ya shangazi yako Eliza, zile ambazo kampuni yako mpya ya kuuza nyimbo kwa simu inakusubiri uzipeleke. Sijui umeisahau au umenitega. Kuacha nyimbo ambazo hazijatoka mbele ya mwanamke mwenye kazi yangu ya kunakili ni sawa na kufunga mbuzi mlangoni kwa muuza nyama, halafu uende zako kumsalimia bibi.

Basi nimekaa nayo kutwa, tunatazamana. Na kila nikiitazama nakumbuka Jumapili, kile kinyaa kinanipanda upya.

Ulikuja na furaha yako, ukaniwekea programu yenu kwenye simu yangu, ukasema, "Mama, jaribu wewe. Jifanye mteja unataka wimbo."

Nikajifanya mteja. Ile programu yenu ikaniuliza jina, nikaandika. Ikaniuliza namba ya simu, na imo ndani ya simu hiyo hiyo. Ikaniletea namba za siri, nikavaa miwani, nikaziandika, ikasema muda wake umekwisha. Ikanitaka kitambulisho cha taifa. Kisha ikataka kunipiga picha. Nikatengeneza kilemba, nikatabasamu kama niko studio, ikasema uso wangu hauonekani vizuri. Mwisho wa yote ikasema simu yangu ni ya zamani.

Nikakuuliza, "Hapa nanunua wimbo au naomba pasipoti?"

"Ni usalama, mama."

"Usalama wa nani?"

"Wa msanii. Wa shangazi. Bila kufuli, watu kama..." Ukaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Malizia."

"Watu kama wewe mtaimaliza kwaya."

Sikukasirika, usidhani. Ulisema kweli, na nilikulea useme kweli, ingawa nilitumaini ungeisema kwa majirani kwanza. Kilichonichefua ni kwamba ulinionyesha kufuli kumi na hukunionyesha wimbo hata mmoja. Nilimaliza kujifanya mteja bila kusikia sauti ya Eliza. Pale pale nikaiona tena ile stika ya zamani ya kwaya.

Ya stika unaijua nusu tu. Wakati ule duka lilikuwa Kilosa mjini, na wewe ulikuwa unachezea makava ya sidii chini ya meza yangu. Nikusimulie yote, maana kesho unaondoka na nyimbo za mtu yule yule.

Kwaya ya Eliza ilipotoa nyimbo zao za kwanza, walichanga wenyewe kwa kuuza mahindi na maharage, wakashuka kutoka Berega hadi studio ya Morogoro, wakarekodi, wakarudi na maboksi ya sidii. Huko mjini wakampata jamaa mmoja mwenye mkoba na tai, akawaambia wezi watawamaliza wasipokuwa na stika. Akawauzia stika, zenye kung'aa, zenye nembo ya samaki aliyoibuni yeye mwenyewe. Akawaambia: isiyo na hii ni feki, wananchi wasinunue.

Walipofika mlimani wakakaa kikao kanisani, stika ibandikwe wapi. Mmoja akasema kwenye kava. Eliza akakataa, akasema wezi wanahamisha makava. Ni kweli, wifi yake mmoja wa Kilosa alikuwa anayahamisha kila siku. Basi ibandikwe kwenye sidii yenyewe. Upande upi? Upande wenye picha ndipo palipokuwa na uso wa mwenyekiti wa kwaya, amevaa suti. Nani ana ubavu wa kumbandika mwenyekiti stika usoni? Wakageuza. Wakasema hata hivyo nyimbo ziko upande huu unaong'aa, na kinacholindwa si nyimbo? Wakabandika huko. Kina mama wa kwaya walikaa chini siku nzima wakibandika moja moja, wakiikandamiza kwa kidole gumba ili isije ikabanduka. Walifanya kazi safi.

Hakuna deki iliyozisoma. Sidii ilikuwa ikiingia inanguruma, inagonga, kisha inasukumwa nje kama mtoto anayetema dawa. Wengine walibandua kwa kucha wakaikwaruza. Mzee mmoja wa Lumuma alisema deki yake imemkataa Yesu.

Mimi nilinunua moja, orijino, kwa pesa yangu. Nikachukua pamba na mafuta ya taa, nikailainisha ile stika pole pole, nikaibandua, nikaiosha sidii kwa sabuni, nikaianika juu ya kanga. Ikapiga kama kengele. Nikachoma nakala mpaka kompyuta ikanuka. Zikaenda Kimamba, zikaenda Lumuma, zikarudi Berega kwenyewe. Mimi, mtoto wa madrasa wa Kimamba, nikawa muuzaji mkubwa wa injili katika wilaya hii, na hadi leo naziimba zile nyimbo nikifua.

Na bei? Hapo ndipo nataka ufungue masikio. Tofauti ya bei yangu na yao haikutosha kununua chumvi. Watu hawakuja kwangu kwa sababu ya unafuu. Ya kwangu ilikuwa inapiga, basi. Aliyekuwa na stika ndiye aliyelipa kwa haki, na ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya deki inayonguruma.

Siku moja Eliza akaja. Nilimwona akivuka barabara, nikatupa kanga juu ya sidii.

"Hodi wifi."

"Karibu wifi. Za Berega?"

"Nzuri. Mvua tu imetukalia."

Akakaa, akanywa maji, akakuuliza wewe habari za shule, akaulizia kila mtu pamoja na kuku. Kisha akasema, "Nipe moja."

"Moja ya nini, wifi?"

"Yetu."

Nikaanza, "Wifi, unajua mimi..."

"Sikuja kugombana. Mama yuko kitandani, anataka kusikia ule wimbo ninaouongoza mimi. Zetu zote hazipigi. Nimeambiwa zako zinapiga."

Nikaivua ile kanga. Unafikiri kuna kitu cha kufanya zaidi ya hapo? Nikampa, nikamwambia achukue bure. Akauliza watu nawauzia kiasi gani, nikamtajia, akaihesabu, akaiweka juu ya kaunta. Mwanamke alipanda basi kutoka Berega kuja kununua sauti yake mwenyewe kwa mtu aliyeiiba, kwa sababu ile aliyoilinda ilikuwa haimsemeshi mama yake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ungeniambia, wifi, ningekupa uuze wewe. Sisi kuuza hatujui. Tunajua kuimba."

Akaenda zake. Maboksi ya stika yalikaa kanisani mpaka panya wakajenga, na kwaya haikurudi studio miaka yote hii. Hizi zilizo kwenye diski ndizo za pili. Sauti ya shangazi yako imeanza kukwaruza ukifika ule mstari wa juu, mwenyewe anajua, ameniambia hatarekodi tena. Amekupa wewe kwa sababu ni wewe. Kampuni yako haijui hata jina lake.

Nimekatishwa. Alikuja Chande wa bodaboda.

"Shikamoo mama Tabi."

"Marahaba."

"Mbona unaandika kama uko kwenye mtihani?"

"Ndiyo. Wewe unataka nini?"

"Ile muvi ya jana, mwendelezo wake."

"Mwendelezo haujatoka."

"Umetoka, nimeuona kwa simu ya binti mmoja pale sokoni."

"Si ungeangalia kwake?"

"Anasema nimwekee bando kwanza. Na bando nikimwekea ataangalia peke yake."

Nimemwekea kitu kingine. Ameondoka akilalamika kwamba siku hizi sina mzigo mpya, na mteja akilalamika hivyo ujue anaaga.

Maana duka linakufa, mwanangu, na unaona, ingawa kwa heshima yako hujasema. Nakuandikia linavyokufa kwa sababu kufa kwake kuna somo kuliko kuzaliwa kwake. Walipokuja wale vijana waliojiita mawakala wa wasambazaji, na gari lao na fulana zao, wakabeba kompyuta na kutawanya sidii barabarani, je, nilikufa? Wiki haikuisha nikawa nimefungua, na wateja wakaongezeka, maana wote walikuwa wamesikia kwamba mzigo wangu ni mzuri mpaka watu wanavaa fulana kuja kuubeba. Mmoja wao alirudi bila fulana kutafuta katuni za mwanawe. Nilimwekea. Nilimtoza mara mbili.

Vitisho vile vya mwanzo wa muvi, je, vya kwamba kunakili ni wizi na jela inakungoja? Alikuwa anavitazama aliyenunua orijino, na hawezi kuviruka hata abonyeze vipi. Mimi nilikuwa navikata. Mteja wangu alikuwa anaanza na picha. Kwa hiyo nchi nzima walioitwa wezi kila jioni sebuleni kwao ni wale walionunua. Nikilifikiria hilo natamani kutema mate.

Kilichoniua kilikuja kimya. Siku hizi msichana wa saluni hapo mbele anabonyeza simu, wimbo unapiga, bando linakatwa senti kadhaa, hajui hata kama amelipa. Zamani alikuwa akivuka barabara kuja kwangu na flashi. Sasa kuvuka barabara kumekuwa kazi. Hakuokoka, wala hakuanza kuwahurumia wasanii. Alipata kilicho rahisi kuliko mimi. Nilichowashinda nacho wenye stika ndicho nilichoshindwa nacho, na sina wa kumlaumu.

Lakini tazama nani amebaki na mimi. Madereva. Unamjua Sadala wa lori la mbao, yule ambaye flashi yake ameifunga shanga nyekundu ili isichanganyike koponi. Aliwahi kunitangazia hapa, mbele ya watu, kwamba ameacha uchafu wangu, amelipia huduma ya filamu kwa mwezi mzima, yeye sasa ni mstaarabu. Nikampongeza. Baadaye nikamwona anarudi, ananyoosha flashi bila kunitazama.

"Si umelipia?"

"Nimelipia."

"Sasa?"

"Mama Tabi, nikiingia hifadhini mtandao unakata. Ile kitu inasema niunganishe kwanza ihakikishe ni mimi. Ni mimi nani mwingine? Niko peke yangu garini, nje kuna nyati!"

"Kwa hiyo unalipa kule, unaangalia hapa?"

"Niwekee, usinicheke."

Sikumcheka mbele yake. Anaendelea kulipa kule mpaka leo, kwa sababu hajui inavyosimamishwa. Hicho nacho wamekifunga kwa kufuli.

Usidhani kwamba najisifu. Kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu na najua inanuka wapi. Nimeuza muvi iliyopigwa na simu ndani ya ukumbi, unaona kichwa cha mtu kinapita na unasikia anakohoa. Nimempa mama mmoja mahubiri yaliyokuja na virusi vikafuta picha za harusi yake. Nimepakua faili lenye jina la kwaya, nikalifungua ili nilihakiki, na wewe umekaa pembeni na daftari la hesabu, nikazima umeme wa nyumba nzima ili usione kilichokuwemo. Baba yako mpaka leo anaamini ilikuwa hitilafu ya nguzo. Wanaosema watu wanaupenda uchafu huu hawajawahi kuusafisha. Hakuna anayeupenda. Watu wanauvumilia kwa sababu upande wa pili kuna jamaa mwenye mkoba na tai anayewataka kitambulisho.

Sasa wewe unakwenda kukaa kiti cha yule jamaa. Samahani, lakini ndicho. Wamekupa kompyuta nzuri na mshahara, na kazi yako, ulivyonieleza, ni mlango ambao mteja anaingilia. Watakuambia uongeze kufuli, maana wamechoma pesa na wanaogopa watu kama mimi. Waogope, wana haki. Hata mimi najiogopa. Ila ujue mtu kama mimi hapitii mlangoni. Mimi nilikuwa na mafuta ya taa. Anayesimama mlangoni akiambiwa uso wake hauonekani vizuri ni mwalimu fulani wa Berega, ni Sadala, ni msichana wa saluni, watu wenye pesa mkononi tayari. Ukiwatesa vya kutosha watageuka kunitafuta, na mimi nitakuwa na nakala, maana mtu wa kazi yangu hakosekani.

Huenda nimekosea. Huenda huko kuna mambo ambayo kwenye kaunta hii hayaonekani, na utarudi unieleze nikae kimya. Wewe una cheti, mimi nina kopo la flashi. Lakini siku watakapokuambia weka moja zaidi, nakuomba uulize kwa sauti, kikaoni, kama nilivyokuuliza Jumapili: usalama wa nani? Na wakikujibu wa msanii, waambie kuna msanii unayemjua aliyelindwa hivyo mpaka akaja kununua kwangu.

Diski yako nimeizungushia kitambaa, nimeitia ndani ya begi lako, katikati ya nguo. Kompyuta imewaka tangu asubuhi, waya uko hapa kwenye kidole changu, na kazi yenyewe ningeimaliza kabla Chande hajamaliza kumsema yule binti wa sokoni. Nilichofanya ni kuandika barua. Tusiseme ni kufuli iliyonizuia, maana hukuweka hata neno la siri. Ni ya wifi yangu, na safari hii sikutaka apande tena basi kuja kununua sauti yake kwangu.

Nimemwambia Eliza nitanunua kwako. Siku mtakapozitoa nitakuwa wa kwanza, kwa simu hii hii yenye kioo kilichopasuka, na bando la siku. Nitabandika maji ya chai, halafu nitabonyeza. Shangazi yako akianza kuimba kabla maji hayajachemka, nitalipa, nitamtuma kwako kila dereva anayepaki hapa, na kopo hili la flashi nitapandia vitunguu majani. Ikiwa chai imeiva, imenyweka, na bado mnanitaka nitabasamu kwa kamera, basi nitafanya ninachojua kufanya. Wewe unakijua, ndicho kilichokulipia ada.

Nilitaka nikupe sababu ya kukaa mlangoni pale vizuri. Nyingine sina zaidi ya hii: nimechoka kuwa rahisi kuliko watu wema. Usinirudishe huko.

Mimi mama yako, na mteja wako.